Programu huria imelala: tafuta funguo kabla ya kugusa msimbo

Hapa Tabora tuko watano. Hatuna ofisi. Tunakutana Jumamosi kwenye chumba cha nyuma cha duka la vifaa vya simu, feni moja, soketi mbili. Kilichotukutanisha ni programu ya simu ya kuandikia asali: mfugaji analeta ndoo, inapimwa kilo na unyevu, inaandikwa, na msimu wa kurina ukiisha kila mtu anajua anadai kiasi gani. Kijana aliyeitunga aliiachia huria, msimbo wazi kwa yeyote, akapata kazi mbali, na kwa miaka mitatu hakuna aliyeigusa. Vikundi viliendelea kuitumia hivyo hivyo, kama baiskeli isiyo na breki.

Tulipoiamsha, tukaanza kuletewa wagonjwa wengine: programu ya vikoba, ya mahudhurio ya shule, ya hesabu za dagaa kutoka Kibirizi kule Kigoma. Magonjwa yao yanafanana mno. Nimeyapanga hapa kwa dalili, sababu inayotokea sana ikitangulia, na kipimo cha bure kabla ya kile cha kukutoa jasho.

Msimbo ni maandishi ambayo programu imeandikwa kwayo, na kujenga ni kuyageuza kuwa programu inayoendeshwa. Nikisema ghala nina maana ya mahali msimbo na historia yake vinapotunzwa, kwa kawaida kwa zana iitwayo Git, ndiyo maana amri nyingi hapa chini zinaanza na `git`. Mtunzaji ni mwenye mamlaka ya kupokea mabadiliko ya wengine. Kuchipusha ni kuchukua nakala ya msimbo na kuiendeleza kivyako, kama unavyohamisha chipukizi la mgomba kwenda shamba jingine.

Kabla ya dalili yoyote, nakili ghala zima pamoja na historia yake. Vijana wetu, kwa kuogopa bando, hupenda kuvuta hali ya mwisho tu kwa `git clone --depth 1`. Inaokoa megabaiti lakini inatupa historia, na humo kwenye historia ndimo utakamowakuta watu. Mmoja avute ghala lote, alifunge kuwa faili moja kwa `git bundle create nakala.bundle --all`, wengine wachukue kwa flashi. Umeme ukikatika katikati ya kazi, jambo ambalo halihitaji maelezo, endesha `git fsck` kabla ya kuamini kwamba nakala ni nzima.

Dalili: mtunzaji hajibu

Sababu ya kwanza, na ndiyo iliyo nyingi: ujumbe wako haujamfikia. Umeandika kwenye ghala, na taarifa za ghala zinakwenda kwenye barua pepe ya chuo aliyoiacha siku ya mahafali. Ya pili: umemfikia, ila amechoka, au anaona aibu. Kadiri siku zinavyopita bila kujibu ndivyo anavyozidi kushindwa kujibu. Ya tatu: anataka kusaidia lakini yeye mwenyewe hawezi kuingia. Akaunti iliunganishwa na namba ya simu, laini ikakaa bila kutumika, kampuni ikaifunga na namba ikagawiwa mtu mwingine. Sababu ya mwisho ndiyo tunayoikimbilia sote kuiamini, kwamba hataki. Katika miradi tuliyoletewa, hakuna hata mmoja uliokuwa hivyo.

Anza na `git shortlog -sne --all`. Itakuorodheshea kila aliyewahi kuchangia, idadi ya mabadiliko yake na anwani alizotumia. Mara nyingi mtu ana anwani mbili tatu. Jaribu ya karibuni zaidi. Ukikwama, uliza mtaani. Wetu tulimpata kupitia kwa mama yake, anakaa Isevya. Tulipiga hodi, "Shikamoo mama," "Marahaba wanangu, mmekuja kumdai?" Tukacheka, tukaeleza, akampigia palepale.

Namna unavyoandika ina uzito kuliko unavyodhani. Usiulize "utarudi lini kwenye mradi?" Swali hilo linamrudishia mzigo ule ule uliomkimbiza. Omba kitu kimoja kinachokwisha kwa dakika tano. Sisi tuliandika: "Kaka, habari za siku nyingi. Programu yako ya asali bado inatumika, watu wanaipenda. Tunaomba utuhamishie ghala kwenye akaunti ya kikundi, wewe ukibaki mmoja wa wenye mamlaka. Kazi tutafanya sisi." Alijibu usiku huo huo.

Angalia tulichoomba: ghala kuhamishwa, wala si neno lake la siri. Na akaunti ya kikundi iwe na wenye mamlaka wawili wasiopungua, wasiolala nyumba moja. Kama programu ni maktaba, yaani msimbo wa kutumiwa ndani ya programu nyingine, iliyosajiliwa PyPI, hifadhi ya maktaba za lugha ya Python, na mwenyewe hapatikani kabisa, kuna utaratibu rasmi wa kuomba jina lililotelekezwa. Wasimamizi hujaribu kumtafuta mwenyewe kwanza kwa muda, kwa hiyo uwe na subira.

Simama hapa: asitokee mwerevu wa kusema "namba yake ya zamani sasa ninayo mimi, ngoja niombe neno la siri jipya." Kuingia kwenye akaunti ya mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, hata kama nia yako ni kuwasaidia wafuga nyuki wote wa Sikonge.

Dalili: msimbo haujengeki

Kwenye kompyuta ya aliyeutunga ulijengeka, kwako unatapika mistari myekundu. Chanzo kikuu ni umri. Lugha na zana zimesonga, mradi umebaki pale ulipoachwa. Mradi ulioandikwa kwa Python 2, kwa mfano, unategemea kitu kilichoacha kutunzwa tarehe 1 Januari 2020. Chanzo cha pili ni vitegemezi, yaani maktaba za wengine ambazo mradi unazihitaji: mradi haukutaja matoleo yake kamili, basi kila ukijenga unaletewa ya leo, nayo hayaelewani. Au kitegemezi chenyewe kimetoweka. Machi 2016 mtu mmoja aliiondoa kwenye npm, hifadhi ya maktaba za JavaScript, maktaba yake iitwayo left-pad, mistari 11 tu, na miradi mingi duniani ikashindwa kujengeka mpaka iliporudishwa. Cha tatu ni faili lililokuwa kwenye kompyuta ya mtunzi pekee, kwa kawaida la mipangilio, ambalo hakuwahi kulitia ghalani. Kosa la kweli la msimbo huwa la mwisho kabisa. Ulijengeka siku ile. Msimbo hauozi wenyewe kama embe.

Kwa hiyo usianze kurekebisha msimbo. Tazama tarehe ya badiliko la mwisho, kisha weka matoleo ya lugha na zana ya tarehe hiyo. Lengo la kwanza ni kuupata ukijengeka vile ulivyokuwa, na uzee wake wote. Ukishajengeka, weka alama ghalani, ndipo upandishe toleo la kitu kimoja, jenga, jaribu, weka alama, nenda kinachofuata. Niliwahi kupandisha vitu tisa kwa mkupuo mmoja ili kuokoa muda. Nilipoteza wiki mbili kutafuta ni kipi kati ya vile tisa kilichoharibu.

Vitegemezi vishushwe na mtu mmoja, kwa Python ni `pip download`, visambazwe kwa flashi. Watu wa mijini watakushauri utumie kontena, yaani kifurushi kimoja chenye mradi na kila kinachouhitaji ili uendeshwe. Ushauri si mbaya, ila msingi wake tu unaweza kula bando la wiki nzima.

Simama kama njia pekee ya kuujenga ni kuzima ukaguzi wa vyeti vya usalama, au kama kitegemezi chenye tundu linalojulikana kinagusa malipo. Hapo tafuta mtu wa usalama wa mifumo kabla hujampa mtumiaji yeyote.

Dalili: simu zinakataa toleo jipya

Hii ndiyo iliyotutesa kuliko zote, na ndiyo inayoletwa mara nyingi zaidi na wenzetu wanaosambaza programu kwa WhatsApp badala ya Play Store.

Tulijenga toleo letu la kwanza tukalituma kwa makatibu wa vikundi sita. Simu zote sita zikasema programu haikusakinishwa. Mama mmoja wa Sikonge alinipigia: "Mwanangu, simu yangu imekataa. Niifute ile ya zamani niweke hii?" Namshukuru Mungu aliuliza. Katibu mwingine hakuuliza. Alifuta, akaweka mpya, ikakubali vizuri sana, na vipimo vyote vya msimu vikaondoka na ile ya zamani. Kilichomwokoa ni kaunta buku alimokuwa akinakili kila jioni, kwa sababu hakuwahi kuiamini simu tangu mwanzo.

Basi onyo linatangulia utatuzi: usimwambie mtumiaji afute programu kabla taarifa zake hazijatolewa nje ya simu. Kwenye Android, kufuta programu ni kufuta na taarifa zilizohifadhiwa ndani yake.

Sasa sababu. Inayotokea sana ni sahihi kutofautiana. Kila programu ya Android hutiwa sahihi kwa ufunguo wa aliyeijenga, na simu haikubali toleo jipya lenye sahihi tofauti na ya lile lililopo. Baada ya hapo ni namba ya toleo: uliyoweka ni ndogo kuliko ya lile lililopo, simu inaona unairudisha nyuma. Nyuma yake ni nafasi kujaa, kisha simu kuwa ya zamani kuliko kiwango ulichoweka wakati wa kujenga. Ingawa sahihi ndiyo mshitakiwa mkuu, kagua nafasi na namba ya toleo kwanza, maana ni dakika mbili tu.

Vikiwa sawa, chukua faili la toleo la zamani kutoka simu yoyote na la toleo jipya, uendeshe `apksigner verify --print-certs`, zana ya Android ya kukagua sahihi, kwa kila moja. Zikitofautiana, soma jina lililo kwenye cheti cha zamani. Ukikuta limeandikwa "Android Debug," umebahatika nusu. Maana yake mtunzi hakutengeneza ufunguo rasmi. Alisambaza ile ya majaribio, iliyotiwa sahihi na ufunguo ambao zana za Android hujitengenezea zenyewe kwenye kila kompyuta. Ufunguo huo bado upo, mradi kompyuta ile ipo na haijapigwa Windows upya. Unakaa kwenye folda iliyofichwa ya `.android`, faili la `debug.keystore`.

Laptopu ya kwetu ilikuwa Urambo, kwa mdogo wake, inaonyeshea filamu. Mmoja wetu alipanda basi na flashi mfukoni. Nauli ya kwenda na kurudi kwa faili la kilobaiti chache! Lakini bila faili hilo vikundi vyote vingepoteza msimu.

Tulipolipata hatukuendelea kulitumia milele, kwa sababu neno la siri la ufunguo wa majaribio ni lile lile duniani kote na kila mtu analijua. Tulilitumia kutia sahihi toleo moja tu la daraja, lenye kitufe kimoja kipya: kutoa taarifa zote kwenye faili. Makatibu wakasakinisha juu ya lile la zamani, wakatoa faili, wakatutumia nakala, ndipo tukawapa programu yenye ufunguo mpya na jina jipya la ndani, lile ambalo simu huitambulia programu, nayo ikasoma faili lile. Kuanzia Android 9 kuna njia ya kubadilisha ufunguo moja kwa moja, ila inahitaji vilevile uwe na ule wa zamani, na nusu ya simu zetu zilikuwa chini ya hapo.

Kama ufunguo umepotea kweli na programu ilikuwa Play Store chini ya mpango ambao Google wenyewe hutunza ufunguo wa mwisho, mwenye akaunti anaweza kuomba ufunguo mpya wa kupakia. Nje ya hapo hakuna mlango wa nyuma. Tumia ripoti yoyote ambayo toleo la zamani linaweza kutoa, au kaeni mnakili kwa mkono.

Simama: fundi simu akikwambia ata-ruti simu, yaani ajipe mamlaka yote ndani yake, ili avute taarifa, mwulize kwanza kama itabidi afungue bootloda, programu ndogo inayoiwasha simu. Kwenye simu nyingi kuifungua hufuta kila kitu. Mtaalamu wa kuokoa taarifa atataka simu ambayo haijaguswa.

Dalili: msimbo uko hadharani lakini hakuna leseni

Karibu kila mara sababu ni kusahau. Mtunzi alidhani kuweka hadharani kunatosha. Hakutoshi. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inailinda kazi bila kusajiliwa popote, kwa hiyo msimbo usio na leseni unaruhusiwa kuutazama, na kuuchipusha ni kuchukua mali ya mtu. Mwaka 2003 mtunzaji wa b2, programu ya kuendeshea blogu, aliponyamaza, vijana wawili, Matt Mullenweg na Mike Little, waliichipusha wakaiita WordPress. Waliweza kwa sababu b2 ilikuwa chini ya GPL, leseni huria inayoruhusu kuchipusha.

Angalia kama kuna faili la leseni, kisha kama ilitajwa ndani ya mafaili yenyewe au kwenye historia. Hakuna? Mwombe mtunzi aongeze, na kila aliyechangia sehemu ya maana akubali kwa maandishi. Ikiwa programu iliandikwa muda wa kazi ya mwajiri au kwa fedha za mfadhili, simama na utafute wakili, maana huenda huyo unayemwomba siye mwenye mali.

Dalili: wachangiaji wanakuja, wanayeyuka

Watasema hakuna pesa, na ni kweli haipo. Lakini pesa haikuwepo hata siku walipokuja. Kinachowaondoa zaidi ni kazi yao kukaa bila jibu. Binti mmoja wa chuo alitutumia marekebisho safi ya hesabu ya unyevu. Yalikaa wiki saba. Mwenye mamlaka ya kuyapokea nilikuwa mimi, nami nilikuwa nangoja nipate muda wa kuyasoma "vizuri." Nilipomtafuta, alikwisha ondoka, na sina cha kumlaumu.

Sababu nyingine ni maandalizi ya siku nzima kabla ya kuona chochote kwenye kioo, kukosekana kwa kazi ndogo za kuanzia, na maelezo yote kuwa Kiingereza wakati watumiaji wote, na watunzaji pia, wanaongea Kiswahili kwa siku nzima.

Siku hizi tunajibu ndani ya siku tatu, hata kama jibu ni "nimeona, nitasoma Jumamosi." Na kila mgeni akija tunampa laptopu na ukurasa wa maelezo, tunakaa kimya, tunaandika pale anapokwama. Kukaa kimya ndiyo kazi ngumu.

Dalili: mgeni mwenye bidii kupita kiasi anaomba funguo

Mara nyingi ni mtu mwema aliyefurahi. Usimfukuze. Ila jua yaliyowapata wengine. Mwaka 2018 mtunzaji wa maktaba ya event-stream, aliyekuwa amechoka, alimkabidhi mtu aliyejitolea kwa barua pepe, naye akaingiza msimbo wa kuiba bitcoini kwenye pochi ya Copay. Kwa xz, zana ya kubana mafaili, mambo yalipikwa polepole zaidi. Mtu aliyejiita Jia Tan alichangia kwa zaidi ya miaka miwili, huku akaunti nyingine zikimsonga mtunzaji kwamba anachelewesha kazi na apishe wengine. Mlango wa siri ukaingia kwenye matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Uligunduliwa Machi 2024 na Andres Freund, baada ya kuona kuingia kwenye seva kunachelewa kwa takriban nusu sekunde.

Vipimo vyetu ni vya kawaida. Je, yupo anayemfahamu? Je, badiliko lake linasomeka, au limekuja na faili la namba namba lisilosomeka? (La xz lilijificha kwenye mafaili ya majaribio.) Je, kuna haraka, na nani anaisukuma? Hakuna badiliko linaloingia bila watu wawili kulisoma, na anayeandika siye anayetoa toleo.

Ukishuku kweli, usitoe toleo, usifute ushahidi, wala usitangaze kwanza. TZ-CERT, kitengo cha TCRA cha kushughulikia matukio ya usalama wa mtandao, ndipo pa kupeleka.

Dalili: maneno ya siri au majina ya watu yamo ghalani

Fupi, kwa sababu hakuna mjadala. Badilisha neno la siri sasa hivi, ndipo uendelee kusoma. Kufuta mstari hakusaidii; historia inaukumbuka. Kama ni majina, namba za simu na malipo ya wafugaji, hapo si suala la kiufundi tena. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Tume yake. Funga ghala lisionekane, mwite mwanasheria na mwenye taarifa, usijisafishie kimyakimya.

Dalili: kuna machipukizi mawili na watu wamegawanyika

Kwa kawaida wamegombana kuhusu kasi, mara chache kuhusu msimbo. Usiharakishe kupatanisha. EGCS ilichipuka kutoka GCC, zana ya kujengea programu, mwaka 1997 kwa sababu ya kuchelewa, na mwaka 1999 chipukizi ndilo lililokubaliwa kuwa GCC yenyewe. io.js iliiacha Node.js, zana ya kuendeshea msimbo wa JavaScript, mwishoni mwa 2014, mwaka uliofuata wakarudi chungu kimoja. Hakikisha tu pande zote mbili zinasoma aina moja ya faili la taarifa, ili mtumiaji asifungwe upande mmoja.

Dalili: hakuna badiliko mwaka mzima, wala hakuna aliyelalamika

Tuliletewa moja hivi, ya kugeuza debe na ndoo kuwa kilo. Kijana alikuja na mpango wa kurasa nne wa kuifufua. Tukaijenga, ikajengeka. Tukaisakinisha kwenye simu mpya na ya zamani, ikafanya kazi. Hakuna kitegemezi, hakuna mtandao, hakuna taarifa za mtu. Haikuwa imelala; ilikuwa imekamilika. Tulichofanya ni kuongeza mtu wa pili mwenye ufunguo, kuweka nakala ya ufunguo huo kwenye bahasha kwa mwenye duka, na kuandika kwenye kalenda ya ukutani tarehe ya kuijenga tena mwakani.